Hesi Isiyo Yake

4 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Huku tu wazima. Goti la Mama humsumbua asubuhi. Likishapata joto hutembea kama kawaida na kulalamika kama kawaida. Mdogo wangu amehamishiwa tawi jingine la kazi yake, anarudi Jumamosi tu na mfuko wa nguo chafu. Mama anakusalimu na anasema hupokei simu. Nimemwambia masikio yako na simu hayaelewani, ndiyo maana naandika.

Jambo lenyewe ni kamera kubwa ya marehemu Baba, ile ya mbao yenye mvukuto wa ngozi. Masiku mengi nimeiacha chini ya shuka hapa studio. Sasa ofisi ya ramani inahama jengo, na kabla ya kuhama wanataka ramani zao za zamani zipigwe picha kwenye filamu kubwa. Nimeomba kazi hiyo. Karani mkuu alinipokea vizuri mpaka nilipotaja jina la Baba. Akafungua faili.

"Ahaa! Binti wa Bwana Ukungu."

Akanisomea: picha arobaini na mbili, zote zina ukungu pembe ya juu kulia. Sababu: uzembe wa mpiga picha. Nikamwambia labda kamera ndiyo iliyokuwa mbovu. Akacheka.

"Mama, kamera haina mdomo. Niletee sababu kwa maandishi, yenye sahihi ya fundi, kabla ya tarehe thelathini Juni. La sivyo kamera hiyo haiingii mlangoni mwangu tena."

Kwa faili hilo Baba alifukuzwa kazi, nasi tukatoka nyumba ya ofisi tukaja kwenye vyumba hivi viwili; studio ya mbele Baba aliifungua baadaye. Nilikuwa na miaka saba. Naitaka kazi, lakini zaidi nataka lile neno "uzembe" lifutwe.

Nimeanza kwa kuifungua shata, kile kidude cha chuma kinachofumbua na kufumba jicho la lenzi. Inapita kwenye tundu la ubao wa lenzi na kubanwa kwa nyuma na pete ya shaba yenye hesi, yale meno ya kuzungushia kama ya parafujo. Niliifungua pete kwa taabu, nikaisafisha. Kuirudisha, inazunguka mara mbili tu, kisha inakwama. Mtaani kuna mkerezaji wa vyuma anayeitwa Fundi Taratibu, na jina limemkaa. Anasema, "Leta namba, nikukatie pete mpya." Nimepima shata kwa rula: kipenyo kama milimita sitini na tatu, meno kumi na matatu ndani ya milimita tisa. Nikagawanya, nikapata karibu saba ya kumi. Akakata pete ya majaribio. Nayo imekwama.

Wewe umekereza hesi maisha yako yote. Nimekosea wapi?

Mpwa wako

15 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imefika. Mimi ni mzima, isipokuwa macho, ambayo yananiaga kidogo kidogo. Mkazamjomba wako amejaza maua dirishani na amenipa kazi ya kuyamwagilia, eti mstaafu asikae bure. Mwambie mama yako alisugue goti kwa mafuta ya moto na alipumzishe, ingawa najua hatatii.

Kwanza lugha. Hakuna "masiku". Neno ni "siku nyingi". Nilikwambia hivyo ulipokuwa darasa la tatu.

Pili, kipimo. Rula ni chombo cha kuchorea mistari. Azima kwa huyo fundi kipimo cha chuma chenye taya mbili, ubane shata juu ya vilele vya meno, usome mara tatu mahali patatu tofauti. Kipenyo cha vilele huwa pungufu kidogo ya namba kamili. Ukipata sitini na mbili na nukta tisa, jua ni sitini na tatu.

Tatu, umehesabu meno. Hesi haihesabiwi kwa meno, huhesabiwa kwa hatua, yaani kutoka kilele cha jino hadi kilele cha jino linalofuata. Tazama mkono wako: vidole vitano, nafasi nne. Meno yako kumi na matatu yana nafasi kumi na mbili. Tisa gawanya kwa kumi na mbili ni robo tatu ya milimita, kamili, wala haibaki kitu. Hiyo ni hesi inayojulikana. Hiyo "saba ya kumi" yenu haimo kwenye jedwali lolote.

Ili uhakikishe, funga karatasi nyembamba juu ya meno, pitisha penseli kwa ubavu, kisha hesabu mistari kwenye karatasi chini ya kioo cha kukuzia. Karatasi haitelezi kama jicho.

Ninaomba msitumie nguvu. Pete iliyo sahihi huingia kwa vidole viwili.

Mjomba wako

27 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mama amesikia habari ya mafuta akasema, "Kaka yangu amekuwa daktari lini?" Lakini amejipaka. Mdogo wangu Jumamosi hii amekuja na mifuko miwili.

Siku nyingi sijafurahi hivi. (Umeona?) Nimepima kama ulivyoagiza. Kipenyo sitini na mbili na nukta tisa, hatua robo tatu ya milimita. Fundi Taratibu alikata pete kwa siku nne, akiimba. Nimeiweka: imezunguka mara tano kwa vidole viwili, ikakaa kimya. Shata haitikisiki. Fundi akajisifu, "Si nilikwambia?" wakati hakuwa ameniambia chochote.

Sasa nauliza kuhusu pete ya zamani. Nimeilinganisha na mpya, meno hayaendani. Nilikandamiza kipande cha sabuni ndani yake nikapata alama za meno: nafasi kumi zinafika karibu milimita nane. Kwa hiyo hatua yake ni kubwa kidogo kuliko ya shata. Pete hiyo haikuwa ya shata hii hata siku moja!

Mama anakumbuka kwamba pete ya kiwandani ilidondoka kwenye bomba la maji machafu kule chumba cha giza cha ofisi ya ramani, na Baba akasema atatafuta fundi wa kumtengenezea nyingine. Fundi gani, Mama hajui. Je, wewe wamfahamu? Kwa sababu shata isiyokaa wima huelekeza lenzi upande, na lenzi ikielekea upande pembe moja ya picha hupata ukungu. Hii ndiyo sababu anayoitaka karani. Imebaki sahihi ya fundi aliyeikereza pete tu.

Mpwa wako

2 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu. Palikuwa na mvua, na posta ya huku hufunga mapema.

Ninafurahi kwamba pete mpya imekubali. Mwambie Fundi Taratibu avunje ncha kali za jino la kwanza kwa tupa laini, isije ikala meno ya shata.

Pete ya zamani itupe. Haina kazi tena.

Mjomba wako

11 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ni fupi kuliko zote ulizowahi kuniandikia, wala haikunisahihisha neno hata moja. Nikadhani unaumwa. Mama naye akauliza, "Mzima kweli huyo?"

Sikuitupa pete. Niliipeleka kwa Fundi Taratibu, akatoa kipimo chake cha hesi, kile chenye vibati vyembamba vinavyofunguka kama kisu cha mfukoni, kila kimoja na meno yake. Akajaribu vya milimita vyote, hakuna kilicholala sawa. Akajaribu vya inchi. Cha meno thelathini na mbili kwa inchi kikazama mpaka mwisho.

"Pete ni ya inchi, shata ni ya milimita," akasema. "Huyu aliwaoza watu wasiopatana lugha."

Kisha akaigeuza juani akanionyesha vitone vitatu vilivyogongwa pembeni. "Hii ni alama ya fundi. Mkerezaji anayejivunia kazi yake huweka alama."

Nilipofika nyumbani nikainamia cherehani ya Mama. Ile parafujo kubwa ya gurudumu uliyomtengenezea alipoolewa ina vitone vitatu. Mjomba, ni vilevile, kwa mpangilio uleule.

Nakuuliza tu. Sijamwambia mtu.

Mpwa wako

20 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Natumaini mu wazima nyote. Mkazamjomba wako alikuwa na homa ya siku tatu, sasa yuko sawa. Maua mawili yamekufa, na nimelaumiwa. Mdogo wako afundishwe kufua. Mwanamume wa umri wake ana mikono.

Kuhusu uliloniuliza. Yawezekana pete hiyo ilikerezwa katika karakana yetu. Siku zile mashine ilikuwa ya inchi, na gia ya kukatia hesi za milimita haikuwamo kwenye sanduku. Kipimo kilikadiriwa. Hesi ya thelathini na mbili kwa inchi ilionekana kukaribia. Alama iligongwa kama ilivyokuwa kawaida ya karakana.

Natumaini maelezo haya yatamtosha karani wako.

Mjomba wako

26 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Tu wazima.

Nimeisoma barua yako kama ulivyonifundisha kusoma, kitenzi kwa kitenzi. Ilikerezwa. Kilikadiriwa. Ilionekana. Iligongwa. Vitenzi vinne, mtenda hakuna hata mmoja. Ningekuletea sentensi hizo ningali shuleni, ungenirudishia daftari.

Ilikerezwa na nani? Kilikadiriwa na nani?

Zimebaki siku thelathini na tano.

Mpwa wako

3 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba.

Niliikereza mimi. Nilikadiria mimi. Alama niliigonga mimi.

Baba yako alikuja karakana Ijumaa alasiri, shata ameifunga kwenye leso. Alitaka pete kabla ya Jumatatu, kwa kuwa ramani zilikuwa zinamsubiri. Nilipima hatua, nikapata robo tatu ya milimita, kama ulivyopata wewe. Mashine yangu haikuweza kuikata. Ilipasa nimwambie, "Shemeji, sina gia ya kazi hii, nenda kwingine." Ningetamka maneno hayo mbele ya wanafunzi wangu watatu, mimi niliyekuwa nikiwachapa kwa kosa la unene wa unywele. Sikuyatamka. Nilichagua hesi iliyokuwamo kwenye mashine, nikakata. Iliingia mizunguko miwili.

Akaniuliza, "Imekaa sawa?"

Nikamwambia, "Imekaribia." Akaigusa tena, akaniangalia. Nikamwambia, "Shemeji, kati yangu na wewe mkerezaji ni nani?" Wanafunzi wakacheka. Naye akacheka, akafunga leso yake, akaenda.

Miezi mitano baadaye mama yako alikuja kwangu akilia kwamba mumewe amefukuzwa kwa picha zenye ukungu. Nilielewa kabla hajamaliza kusema. Mwezi ule jina langu lilikuwa limepelekwa juu ili niwe msimamizi wa karakana. Nilinyamaza. Mwanzoni nilinyamaza kwa woga, baadaye kwa mazoea, na mazoea ni mabaya zaidi kwa sababu hayaumi. Mama yako akaanza kumwita baba yako "mikono mizito" mbele ya wageni, nami nikiwa mmoja wa wageni hao.

Ndani ya bahasha hii kuna maelezo ya karani, ukurasa mmoja, yenye vipimo, sababu na sahihi yangu. Mtenda ametajwa.

Nakuomba jambo moja. Mama yako asijue. Hana ndugu mwingine isipokuwa mimi.

Mjomba wako

12 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nimechukua siku kadhaa kabla ya kuandika, kwa sababu barua mbili za kwanza nilizichana. Zilikuwa za hasira. Hii si ya hasira sana.

Karani ameyapokea maelezo yako. Aliyasoma amesimama, kisha akakaa, akayasoma tena. Akasema, "Huyu mzee anaandika Kiswahili kilichonyooka." Ameniruhusu nipige picha moja ya majaribio. Pembe zikiwa safi zote nne, kazi ni yangu na faili litaandikwa upya.

Kuna kitu kingine lazima ukijue. Nilipokuwa nautayarisha ubao wa lenzi niliona upande wa nyuma, kuzunguka tundu, umevimba kidogo chini ya rangi nyeusi. Nikaukwangua kwa kucha. Ni duara la karatasi ngumu, limekatwa vizuri sana kwa mkasi na kugandishwa, ili pete ikishika mizunguko yake miwili iwe na kitu cha kukandamiza. Ndiyo maana picha za Baba za miaka ya baadaye hazikuwa na ukungu. Nililibandua. Upande wa chini una muhuri wa studio yetu. Ni kadi ya studio, Mjomba, na studio ilifunguliwa miezi minane baada ya yeye kufukuzwa.

Kwa hiyo alijua. Aliitoa pete, akaona haikai, akaitengenezea tegemeo. Na vile vitone vitatu viko upande wa nje, haiwezekani hakuviona. Cherehani ilikuwa hatua mbili kutoka mezani kwake. Alijua ni nani, na hakusema kwa Mama, kwa ofisi, wala kwako.

Kuhusu ombi lako: siwezi kuahidi. Mama alimlaumu Baba mpaka siku anazikwa. Mimi si wa kumwambia, kwa kuwa kosa si langu, lakini akiniuliza sitamdanganya. Na ataniuliza. Tayari anaangalia bahasha zako kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Mpwa wako

25 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba.

Barua yako niliisoma mara moja, sikuweza kuisoma tena siku ile.

Miaka yote baada ya studio kufunguliwa, baba yako alikuja kwangu, akala kwangu, akanisikiliza nikimsahihisha "ngeli" mbele ya watoto. Nilikuwa nikidhani nimemficha kitu.

Nimemwandikia mama yako. Kwanza niliandika kurasa tatu. Nilipozisoma niliona ni habari za mashine, gia na jedwali, kana kwamba mashine ndiyo iliyofanya. Nikazichana. Sasa ni mistari minne. Kila mstari unaanza na "Mimi". Nimeipeleka posta leo asubuhi kwa mkono wangu, na nimesimama dirishani mpaka karani wa posta alipoigonga muhuri, nisije nikairudisha nyumbani.

Usimsomee. Mwache aisome mwenyewe, hata akichukua muda kutafuta miwani.

Mjomba wako

9 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Mdogo wangu yuko huku wiki nzima, anafua nguo zake mwenyewe uani na kumwaga maji kila mahali.

Picha ya majaribio niliipiga tarehe ishirini na nane. Karani aliiweka juu ya meza yenye taa, akapita pembe zote kwa kioo cha kukuzia, ya juu kulia akairudia mara tatu. Majina ya mitaa yanasomeka mpaka ukingoni. Akachukua kalamu, akakata "uzembe wa mpiga picha" kwa mstari mmoja, akaandika juu yake "pete ya shata isiyo ya hesi yake", akatia tarehe na sahihi. Aliponipa ruhusa ya kuingiza vifaa hakusema tena "binti wa Bwana Ukungu". Alitaja jina la Baba, lote.

Barua yako kwa Mama ilifika siku iliyofuata. Aliisoma dirishani, amenipa mgongo. Kisha akaniuliza, "Hesi ni nini?"

Nikamletea shata na ile pete ya zamani. Sikueleza, niliviweka tu mkononi mwake. Akazungusha. Mara moja, mara mbili, ikakwama. Akairudisha nyuma, akajaribu tena. Mara mbili, ikakwama. Alifanya hivyo nadhani mara kumi. Nikamwambia, "Mama, inatosha, utaharibu meno."

Akasema, "Nyamaza kwanza."

Baadaye akaniambia jambo ambalo sikulijua. Kila ulipokuja kututembelea, Baba alikuwa akisikia sauti yako mlangoni anainuka, anaingia studio na kuifunika kamera kwa kitambaa cheusi. Kila mara. Mama alidhani anaona haya kwa kazi aliyoipoteza, na alikuwa akimwambia hivyo: "Ficha tu, nani asiyejua?"

"Kumbe hakuwa akificha aibu yake," Mama akasema. "Alikuwa anamfichia kaka yangu."

Nikamuuliza nikuandikie nini. Alifikiri sana. Haya ni maneno yake, sikubadilisha kitu, hata ukiona kosa:

"Mwambie nimeisoma. Mwambie nimekasirika na nitaendelea kukasirika, asije akafikiri mistari minne inamaliza. Lakini mimi pia nilimsema yule mtu miaka ishirini na mbili. Mimi na yeye tuna mtu mmoja wa kumwomba radhi, na hayupo. Aje tukae."

Basi la huko linafika hapa saa nane mchana, Jumatano na Jumamosi. Nitakuwa kituoni siku zote mbili.

Mpwa wako